Mama Mkwe Kwenye Behewa la Mwisho

Kaa hapo, kijana, na wewe binti sogea huku kwenye kivuli cha jiko. Ila lile tofali msilikalie, lina kazi yake. Linazuia behewa lisiteremke kwenda chooni. Limeshateremka mara mbili, na mara ya pili kulikuwa na mtu ndani ya choo.

Najua mmekuja na swali lile lile ambalo kila anayepita hapa Heru Juu huniuliza akiwa ameshika ua wangu wa matete: mzee, ilikuwaje ukajenga treni ya stimu uani kwako, katikati ya migomba na kahawa? Nitawajibu. Ila nitazunguka kidogo, mnivumilie. Reli yenyewe inazunguka.

Kwanza mjue kwamba mimi si mwendawazimu, ingawa mnaweza kukutana na watu sokoni Kasulu watakaowaambia vingine. Mimi ni fundi wa boila. Nilianza kazi katika karakana ya reli Tabora nikiwa na umri kama wenu, wakati vichwa vya stimu vilikuwa vimebaki vichache, vikisukumasukuma mabehewa ndani ya vituo kama wazee wanaopewa kazi ndogo wasijisikie vibaya. Baadaye dizeli ilishika njia yote, nami nikaishika dizeli, nikazeeka nayo. Lakini moyo wangu ulibaki kwa stimu. Dizeli unaiwasha. Stimu unailea.

Aliyenifundisha kuilea alikuwa Mzee Maganga, mtu mfupi mwenye vidole vinene kama mihogo, ambaye hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja. Nikikosea aliniuliza tu, "Gervasi, umejifunza nini?" kisha alisubiri. Angeweza kusubiri hadi jua linazama.

Nitawapa mfano. Siku moja niligundua kwamba sehemu ya mbele ya kichwa cha treni, ule mlango wa duara ulio chini ya bomba la moshi, ni ya moto sawasawa na kikaango. Nikafungua, nikamwaga karanga mbichi kilo nzima kwenye bati, nikaziweka mle ndani zikaangike taratibu. Nikafunga, nikaenda zangu kunywa chai. Dereva naye, asijue lolote, akaja, akapanda, akafungua stimu kwa nguvu.

Sasa hapa ndipo mtege sikio. Stimu ikishasukuma pistoni haipotei bure. Inatupwa juu kupitia bomba la moshi, na ikipanda kwa kasi ile inavuta hewa yote iliyo nyuma yake, hewa inavuta moto, moto unawaka zaidi. Ndiyo maana treni ya stimu hupiga ile sauti ya kuhema. Kadiri inavyofanya kazi ndivyo inavyojipulizia moto wake yenyewe. Ni akili nzuri sana. Lakini haibagui. Inavuta moshi, inavuta majivu, na siku ile ilivuta karanga. Abiria waliokuwa jukwaani, pamoja na mkubwa fulani wa kazi, walinyeshewa karanga za moto. Mkubwa mwenyewe akaokota moja kwenye ukosi wa koti lake, akaionja.

Mzee Maganga akanisogelea. "Gervasi, umejifunza nini?"

Nikafikiri. "Kwamba stimu inayotoka inavuta moto, mzee."

"Na nini tena?"

"Kwamba niweke chumvi."

Hakucheka mbele yangu. Alikwenda nyuma ya tangi la maji, nikaona mabega yake yakitikisika.

Basi, huo ndio ufundi wangu. Sasa nije kwa mama mkwe, maana bila yeye msingeona reli hapa.

Nilipokwenda kumposa Dafroza, mke wangu, mama yake hakunitaka. Hakuwa na ubaya nami, ila alisikia kwamba nafanya kazi mbali, na kwamba kazi yenyewe ni kukesha na moto. Katika ukoo wao, na kwetu Waha wengi ilikuwa hivyo, mkwe mwanaume na mama mkwe hawazungumzi uso kwa uso. Hawagusani, hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, na kuitana jina ndiyo kabisa hakuna. Kwa hiyo alikuwa amekaa chumba cha pili, nyuma ya pazia, akaniuliza kupitia kwa shangazi: "Muulizeni huyo kijana, hiyo treni yake ina faida gani kwangu?"

Nikajibu kwa sauti ili pazia lisikie: "Mwambieni mama, siku moja nitampandisha."

Pazia likasema: "Ego. Tutaona." Ego kwa Kiha ni ndiyo, lakini alivyoisema yeye ilikuwa karibu sana na hapana.

Vijana, msitoe ahadi mbele ya pazia. Pazia halisahau.

Miaka ikapita, nami sikumpandisha. Reli haifiki Kasulu. Anayetaka treni sharti ashuke Kigoma. Na mama mkwe alikuwa na tatizo moja, gari linamtapisha. Si safari ndefu tu. Aliwahi kutapika kwenye pikapu ya paroko ikiwa imeegeshwa. Maisha yake yote alitembea kwa miguu, na kwa miguu Kigoma ni mbali mno. Kila nilipokuja likizo nilimsikia kupitia ukutani: "Dafroza, mwambie mume wako nimesikia treni imepita. Au ni tumbo langu?"

Lakini nyuma ya utani huo kulikuwa na jambo lililoniuma. Nilikuwa nakaa Tabora miezi mitatu, minne, bila kuonekana nyumbani. Mama mkwe hakuamini kwamba ni kazi. Aliamini nina mke mwingine huko. Hakuliweka wazi, ila Dafroza aliulizwa mara nyingi kama mashati yangu yanarudi yamepigwa pasi.

Nilipostaafu tukajenga hapa, si mbali na kwa mama mkwe. Mwaka juzi, mtoto wa mwisho wa mama mkwe, anayeishi Kitahana kule Kibondo, akaleta habari: mama amezeeka, magoti yamechoka, hawezi tena kukaa peke yake na shamba. Maharage yakishavunwa, atakuja kumchukua akaishi naye. Dafroza akalia kidogo, akafuta macho, kisha akanigeukia.

"Baba Filipo, ulimwahidi mama treni."

"Mama Filipo, treni iko Kigoma. Na mama hapandi gari."

"Basi ilete hapa."

Alisema vile kama vile unavyosema lete kuni. Akaingia ndani. Nami nikabaki nimekaa pale kwenye kigoda, nikaanza kupima ua kwa macho.

Sasa ufundi. Msichoke, hapa ndipo penye faida yenu.

Reli zangu ni chuma bapa kilichosimamishwa kwa ubavu, upana kati ya reli na reli ni shubiri moja ya mkono wangu. Mataruma, yaani yale magogo ya kulalia reli, ni ya mkaratusi uliokaushwa na kupakwa oili chafu ili mchwa wakasirike. Abiria anakaa juu ya behewa kama anavyokaa juu ya benchi jembamba, miguu huku na huku, karibu kabisa na ardhi. Kichwa cha treni kina urefu wa mbuzi mkubwa na uzito wa mbuzi kumi.

Boila niliitengeneza kwa bomba nene la chuma. Aliyenichomelea ni Nyandwi, fundi wa Kasulu mjini. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye ni Mtanzania wa kuzaliwa na wa makaratasi, na ukimsikiliza hujui kama anachomelea au anahubiri. Ananiita patron, yaani bosi. Siku ya kwanza alikuja na mtungi mtupu wa gesi ya kupikia begani.

"Patron, boila hii hapa. Tutoboe tundu mbili tu, kazi imekwisha."

"Nyandwi, hiyo tukiiwasha, kazi itakwisha, na sisi tutakwisha nayo."

"Lakini ni nene!"

"Hujui unene wake ndani, hujui kutu yake, hujui mishono yake ilifungwa na nani. Irudishe."

Nawaambia na ninyi: msifanye boila kwa mtungi wa gesi, wala pipa, wala sufuria la presha. Na boila yoyote, hata aliyoitengeneza fundi mkubwa, hupimwa kwa maji baridi kabla ya moto. Unaijaza hadi pomoni, usiache hewa, unasukuma maji kwa pampu ya mkono hadi presha mara mbili ya ile utakayotumia, kisha unakaa unaitazama. Maji baridi yakivuja yanakulowesha. Stimu ikivuja inakuchuna ngozi. Yetu ilitoa machozi sehemu tatu. Nyandwi akachomelea upya, akiomba msamaha kwa kila tundu.

Maji nayo yawe ya mvua. Maji ya kisima yana ile chokaa inayoganda ndani ya birika la chai, na boila ni birika tu lenye hasira. Mkaa uwe vipande vya ukubwa wa limau. Vikubwa vinaacha mapengo, vidogo vinaziba pumzi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa ardhi. Mnajua Heru Juu, hata sahani ikiwekwa mezani inateremka. Mimi nilitazama ua nikasema, huu ni tambarare. Tukalaza reli, tukawasha, treni ikaenda vizuri hadi kwenye migomba, ikasimama, ikahema pale kama mtu aliyetoka mnadani na gunia la muhogo. Nikaongeza moto. Magurudumu yakazunguka papo hapo, treni haiendi.

Nyandwi akachuchumaa. "Patron, hapa ndipo Dodoma?"

Tukaing'oa reli yote. Jicho halipimi ardhi, vijana. Chukua mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, ujaze maji, mmoja ashike ncha hii na mwingine ncha ile. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili, hayajui kudanganya. Tulipopima hivyo tukakuta kwenye migomba pamepanda kiasi cha goti langu. Kwa mtu si kitu. Kwa treni ndogo ni mlima. Tukachimba kwa jembe wiki mbili, na Dafroza akapata tuta jipya la viazi kutokana na udongo tuliotoa.

Reli ikawa hivi kama mnavyoiona. Kuna duara linalozunguka jiko na migomba, hatua kama arobaini. Na kuna njia nyingine iliyonyooka, hii inayofuata ua wa matete hadi karibu na choo. Hapo ndipo treni inapolala. Inaanzia kwenye njia iliyonyooka, inaingia kwenye duara, halafu mtu anageuza ule mkono wa chuma pale, njia inafungwa, treni inabaki inazunguka. Kugeuza ule mkono ilikuwa kazi ya Dafroza.

Yote tayari. Maharage yalikuwa yanaanza kukauka. Nikamwambia Dafroza ampelekee mama yake habari kwamba Jumapili baada ya misa treni iko tayari. Jibu likarudi saa hiyo hiyo: "Muulize mume wako, nitakaa wapi?"

Nikaelewa. Nilikuwa nimejenga mabehewa mawili, la dereva na la abiria. Abiria anakaa nyuma ya dereva, magoti yake karibu yaguse mgongo wa dereva. Mama mkwe! Magoti! Nilikuwa nimepima presha, nimepima ardhi, nimepima upana wa reli, nikasahau kupima heshima.

"Mwambie nitaweka behewa tupu katikati," nikasema.

Akaenda, akarudi. "Mama anasema behewa moja ni kama kukaa mkeka mmoja."

"Basi matatu."

Akaenda, akarudi. "Anasema matatu ni sawa kwa mkwe wa mtu mwingine."

Tukafika sita. Nyandwi akachomelea siku nne mfululizo, mbao tupu juu ya magurudumu, zisizo na wa kuzikalia. "Patron," alisema, "nimejenga mabehewa ya watu, nimejenga toroli za mizigo. Leo najenga mabehewa ya aibu." Pini za chuma za kuungia zilituishia kwenye behewa la mwisho kabisa, lile la mama mkwe. Nyandwi akachonga kijiti cha mpera, akakipiga nyundo kikaingia. "Ni cha leo tu," akasema. Nami, fundi wa boila wa miaka yote ile, nikasema sawa.

Halafu nikaongeza heshima moja ya kwangu mwenyewe. Niliona si vizuri mama mkwe atazame mgongo wangu safari nzima. Kwa hiyo kiti chake nikakigeuza kitazame nyuma. Nikajiona mtu mwenye adabu kubwa.

Jumapili akaja, anatembea kwa fimbo, amevaa kitenge kipya na kashika ndimu ya kunusa kwa ajili ya kichefuchefu. Alikuja mapema kuliko nilivyotarajia, nami ndiyo kwanza nilikuwa nawasha moto. Boila ndogo kama hii inataka saa nzima na zaidi kabla haijapata presha. Akakaa kwenye baraza la jiko, kanipa ubavu kama inavyotakiwa, lakini niliona jicho lake likinifuata. Nikatia mkaa. Nikatazama kioo cha maji. Nikatia oili kwenye kila kiungo. Nikafuta. Nikatia mkaa tena. Jasho, masizi.

"Dafroza," nikamsikia, "huyu anafanya nini muda wote huu?"

"Anaandaa, mama."

"Na treni kubwa nayo huandaliwa hivi?"

"Hiyo huanza alfajiri, mama. Na haiachwi."

Akanusa ndimu.

Majirani walikuwa wamejaa nyuma ya ua, na mwalimu mmoja wa hesabu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku, alikuwa ameleta kiti chake. Treni ilikuwa imepangwa kwenye njia iliyonyooka, kichwa huku mbele, mimi nyuma yake, halafu mabehewa sita matupu, halafu kule mbali, karibu na choo, mama mkwe akitazama nyuma. Ilikuwa ni heshima iliyonyooka kama maandamano. Nilijisikia fahari.

Nikapiga kengele, nikafungua stimu. Ikavuta! Polepole mno, mwendo wa kinyonga, maana mabehewa yalikuwa mengi, lakini ikavuta. Watu wakapiga vigelegele. Nikaingia kwenye duara, nikapita migomba, nikazunguka jiko, nikatokea upande wa pili.

Na mbele yangu, hatua nane, ananitazama usoni, alikuwepo mama mkwe.

Vijana, fikirini. Nilikuwa nimehesabu umbali kwenye mstari. Lakini treni inazunguka. Kwenye duara, mkia unaukaribia uso. Kila behewa nililoongeza kumweka mama mbali na mgongo wangu lilikuwa linamleta karibu na uso wangu. Na kwa kuwa nilikigeuza kiti chake kwa adabu, sasa hakuweza hata kutazama kwingine. Tulikuwa uso kwa uso, hatua nane, tunazunguka pamoja, na hakuna wa kumfikia mwenzake wala wa kumkimbia.

Mwalimu wa hesabu alianguka na kiti chake.

Nikafanya anachofanya kila mkwe mwenye malezi: nikashusha kofia hadi puani, nikageuza uso kutazama migomba. Mguu wangu kwenye breki, mkono kwenye stimu, macho kwenye migomba. Nikaapa nimalize mizunguko mitatu tu, nisimame.

Mzunguko wa pili, kijiti cha mpera kikakatika.

Sikusikia. Behewa la mama likaachwa, likajikokota kidogo, likasimama kabisa. Treni yangu ikaendelea, imepungukiwa mzigo, ikachangamka. Mama mkwe akaona lile bomba la moshi linamjia.

"Dafroza! Mwambie mume wako moto wake unakuja!"

Dafroza alikuwa kwenye ule mkono wa kugeuzia njia, upande wa pili wa jiko, haoni kitu. "Baba Filipo! Mama anasema moto unakuja!"

Nami, kwa ugonjwa wangu wa kupenda kuelekeza, nikaanza kuelekeza, macho kwenye migomba. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Anaona kama unakuja kwa sababu tunazunguka. Mabehewa yamefungwa pamoja, kwa hiyo umbali hauwezi kubadilika."

"Mama! Anasema umbali hauwezi kubadilika!"

"Mwambie umebadilika!"

"Baba Filipo! Anasema umebadilika!"

"Mwambie ni macho tu yanayo..."

"GERVASI! Acha kutazama migomba, funga hiyo stimu!"

Nilifunga. Mkono ulifunga kabla kichwa hakijaelewa nani ameita. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, magurudumu yakalia, treni ikateleza, ikasimama. Nikanyanyua kofia. Kati ya chuma cha mbele na magoti ya mama mkwe palibaki nafasi ya kiganja. Bomba likatoa pumzi moja ya mwisho, na uso wa mama ukawa mweusi kama sufuria.

Hakuna aliyecheka. Hata Nyandwi. Maana wote walikuwa wamesikia: mama mkwe amemwita mkwe wake jina, mbele ya watu, Jumapili.

Nikashuka, nikapiga magoti palepale kwenye kokoto, kichwa chini. Nilijua kwamba ahadi yangu imeharibika. Maharage yanavunwa wiki ijayo, mama anaondoka, na kitu atakachokumbuka juu yangu ni chuma kilichotaka kumvunja magoti. Na kosa ni langu. Lile la duara linachekesha. Lile la kijiti halichekeshi. Pini ya kuungia si mahali pa kusema sawa.

Nikasikia fimbo yake ikigonga taruma. Kisha sauti, juu ya kichwa changu, bila shangazi, bila Dafroza, bila pazia.

"Gervasi, umeumia?"

"Hapana, mama."

"Basi simama. Dafroza! Kamata yule kuku mweupe wa kwangu, niliyekuja naye."

Alikuwa amekuja na kuku wa kutuaga. Sasa kuku akabadilishiwa kazi. Katika ukoo wao, aibu ya namna ile ikitokea, aliyeivunja heshima hutoa kuku, anachinjwa, wote wawili wanakula nyama yake, na tangu hapo wanaweza kuzungumza kama watu. Kuku akachinjwa. Tukala, kila mmoja amempa mwenzake ubavu kwa sababu ya mazoea, lakini sahani moja.

Alipomaliza kupangusa mikono akasema, na mara hii alisema nami: "Sasa ondoa hayo masanduku matupu. Hayana watu, yanapoteza moto tu."

Tukatoa mabehewa sita. Nikafunga pini ya chuma, nikaivuta kwa mikono miwili, Nyandwi akaivuta, nikaivuta tena. Kiti nikakigeuza kitazame mbele. Mama mkwe akapanda nyuma yangu, magoti karibu na mgongo wangu, na treni ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Mzunguko wa kwanza alikishika kiti kwa nguvu. Wa pili nikamsikia akicheka, peke yake, kidogo kidogo. Wa tatu nilitia mkaa, nikatazama kioo cha maji, nikatia mkaa tena, akaniegemea begani.

"Kumbe huwezi kuuacha."

"Nini, mama?"

"Huu moto. Ukiuacha kidogo unazima."

"Ndiyo, mama. Au unaharibu."

Tukapita migomba. "Mimi niliwaambia watu una mke Tabora," akasema. "Niliwaambia wengi."

"Nilijua, mama."

"Kumbe mke mwenza wa mwanangu ndiye huyu. Anakula mkaa." Akalipiga behewa kwa fimbo. "Zungusha tena."

Tulizunguka hadi mkaa ukaisha. Ile ndimu niliikuta jioni kwenye nyasi, haijakatwa.

Wiki iliyofuata mwanawe akaja kumchukua. Mama alipofika Kitahana alinipigia simu mimi, si Dafroza. "Gervasi, gari limenitapisha mara mbili, na mara ya tatu pale Busunzu, limesimama tu wanunue ndizi. Kwenye treni sikutapika. Waambie hao wa serikali wajenge reli hadi huku." Nikamwambia nitawaambia. Akasema, "Ego," na mara hii ilikuwa ndiyo.

Basi mnaotaka kujenga ya kwenu, nitawasaidia, na Nyandwi yuko mjini, mtungi wake bado anao, msimruhusu. Lakini msianze na chuma. Chukua kamba ndefu. Ilaze uani kwa umbo lile lile la reli unayoitaka, na pale penye kupinda, pinda. Weka kigoda juu ya kamba kwa kila behewa, waite watu watakaopanda, mkalishe kila mmoja mahali pake akitazama atakakotazama. Kisha kaa kwenye kigoda cha dereva, vua kofia, uangalie ni nani aliye mbele yako. Ukiweza kumtazama usoni, nenda kakate chuma.